Kandambili Iliyopewa Kitanda

Kuna nchi moja ambayo jina lake silitaji, maana kila nikilitaja mahali, wenyeji huinuka wakaniuliza nimejuaje habari za kwao. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko madaktari, na watu wake ni wastaarabu kupita kiasi. Ustaarabu wao mkubwa ni foleni. Mtu wa nchi hiyo akikuta foleni hujipanga kwanza, ndipo huuliza watu wanasubiri nini. Akiwa na shughuli nyingine huacha kitu mahali pake, jiwe au ndoo au kanga iliyokunjwa, akaenda zake. Akirudi hukuta wenzake wamekisogeza mbele kwa uaminifu kabisa. Viongozi wa nchi hiyo waliiba vitu vingi, lakini nafasi ya mtu kwenye foleni hawakuiba hata siku moja, kwa kuwa hawakuwahi kupanga foleni.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Sikuzani, mpishi wa shule ya bweni ya serikali. Kazi yake ilikuwa kusonga ugali wa shule nzima, kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, ndani ya sufuria ambalo mtu mzima angeweza kuogea. Siku moja yeye na mpishi mwenzake, Chausiku, waliinua sufuria la maharage, Chausiku akateleza, na uzito wote ukabaki kwa Bi Sikuzani. Kitu kikalia kiunoni mwake. Tangu siku hiyo maumivu hayakuhama. Kusimama aliweza, kwa kukunja uso. Kulala aliweza, kwa ubavu mmoja. Kukaa ndiko kulikomshinda: akikaa tu, moto ulishuka kutoka kiunoni ukapita nyuma ya paja mpaka kwenye unyayo wa kushoto, machozi yakamtoka bila ruhusa yake.

Alivumilia kama wanavyovumilia watu wa nchi ile, yaani mpaka alipoanza kuegemea upande mmoja, na kandambili yake ya kushoto ikaliwa kisigino ikabaki kama karatasi. Ndipo akapiga moyo konde akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Pazi.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba nitolewe kwenye sufuria, nikachambue maharage. Mgongo umenishinda."

Mwalimu Pazi alisimama, akamzunguka, akamtazama nyuma kwa makini kama anayekagua ukuta uliopakwa rangi.

"Mimi sioni kitu," alisema. "Bi Sikuzani, serikali haiwezi kumhamisha mtumishi kwa sababu isiyoonekana. Kesho mwingine ataniambia anaumwa na roho. Niletee neno la daktari aliyekuona kwa macho yake."

"Daktari nitampata wapi, mwalimu?"

"Hospitalini, mama! Nchi yetu ina hospitali." Alilisema hilo kwa fahari, kama aliyeijenga kwa mikono yake.

* * *

Hospitali ilikuwepo kweli. Mbele yake palikuwa na benchi refu la mbao, na mbele ya benchi alisimama Bwana Mkunde, Msimamizi Mkuu wa Benchi, mwenye kofia ya bluu na filimbi shingoni. Bwana Mkunde hakuwa mganga wala nesi. Hakuna aliyejua alisomea nini, ila kila mtu alijua kwamba bila yeye huonwi.

"Kaa," alimwambia Bi Sikuzani.

"Siwezi kukaa, baba. Ndicho kilichonileta."

"Basi hujafika."

"Nitasimama hapa pembeni."

"Anayesimama anaondoka. Hiyo ndiyo kanuni."

"Basi nijilaze kidogo hapo mwishoni mwa benchi."

Bwana Mkunde aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kulala? Mama, kulala ni kulazwa! Kulazwa ni mpaka daktari aamue. Unataka kujilaza mwenyewe, hospitali ya serikali?" Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, aliinama akamnong'oneza: "Acha kitu. Wenzako wote wameacha vitu."

Bi Sikuzani akatazama vizuri. Ni kweli, kwenye benchi lile lote walikuwa wamekaa watu wachache tu. Waliobaki walikuwa chupa ya chai, mwavuli, mkoba usio na mkono, na baraghashia kuukuu. Wenyewe walikuwa wamelala kwenye majani nyuma ya jengo, kila mmoja na ugonjwa wake. Bi Sikuzani hakuwa na kitu cha kuacha. Akavua kandambili yake ya kushoto, ile iliyoliwa kisigino, akaiweka mwishoni mwa benchi, akaenda kulala ubavu karibu na mzee mwenye kifua kinachokoroma.

"Umeacha nini?" mzee aliuliza.

"Kandambili."

"Mimi nimeacha baraghashia. Mimi ni Mzee Kondo." Alikohoa, akapumzika, akaendelea. "Imesogea sana. Jana nilikwenda kuitazama. Ina afya kuliko mimi."

Walicheka wote wawili, na kicheko kikawaumiza, mmoja kifuani na mwingine kiunoni.

Utaratibu ulikuwa huu: kitu kikifika mwanzo wa benchi, karibu na mlango wa daktari, Bwana Mkunde alipuliza filimbi, na mwenyewe alitakiwa afike mbio kabla filimbi haijapulizwa tena. Wasioumwa sana walifika. Wanaoumwa hawakufika. Kandambili ya Bi Sikuzani ilipopulizwa filimbi yake, alijiviringisha, akapiga magoti, akashika ukuta, akajiinua, akaanza kutembea huku anaburuta mguu. Alipokunja kona, filimbi ya pili ilikuwa imeshalia, na kandambili yake ilikuwa imerudishwa nyuma ya chupa ya chai. Alijaribu tena siku nyingine, na nyingine tena. Kila mara aliliona koti jeupe la daktari likipotea mlangoni.

"Daktari! Mimi hapa!" aliita safari moja kwa nguvu zake zote.

"Usipige kelele," alisema Bwana Mkunde kwa upole. "Kuna wagonjwa."

* * *

Habari za watu kuchelewa filimbi zilifika kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya na Subira. Waziri huyo alikuwa mtu mwenye huruma. Mgongo wake mwenyewe ulitibiwa ng'ambo, mara mbili kwa mwaka, ili asiwazidishie wananchi foleni. Alifika hospitalini na bendi ya tarumbeta, akapanda jukwaani, akahutubia majani, kwa maana watu walikuwa wamelala humo.

"Ndugu wananchi! Nimeumia sana kusikia kwamba mnakimbizwa na filimbi. Mgonjwa kukimbia! Katika karne hii! Serikali yenu sikivu imekaa, imetafakari, imekunywa chai, imetafakari tena. Kuanzia leo hakuna mgonjwa atakayekimbia. Kitu ulichokiacha kwenye benchi kitakuwa ni wewe. Kitakachoingia ndani ni wewe, kitakachopimwa ni wewe, kitakachotibiwa ni wewe! Wewe mwenyewe utaendelea na ujenzi wa taifa. Nani aliwahi kuona huduma kama hii?"

Hakuna aliyewahi kuiona. Tarumbeta zikalia. Wakati huohuo ilitangazwa kwamba kusubiri kumekwisha nchi nzima, kwa kuwa kitu hakisubiri, kimewekwa tu.

Madaktari walishangilia kuliko wote. Kitu hakikohoi usoni mwa mtu. Hakiji na shangazi zake. Hakianzi habari za goti kikamalizia na habari za mkwe. Daktari Kaligo, bingwa wa mifupa, ambaye zamani alikuwa akitoka kazini amechoka, sasa alikuwa akipiga mluzi.

Basi kandambili ya Bi Sikuzani ikaitwa. Bwana Mkunde akaiingiza ndani kwa heshima, mkono mmoja chini, mkono mmoja juu. Bi Sikuzani alijikokota mpaka dirishani, akachungulia.

Daktari Kaligo aliiweka kandambili juu ya kitanda cha kupimia. Akaibonyeza katikati. "Unasikia maumivu hapa?" Akatulia, akasikiliza. "Hapa je?" Akaikunja mbele, akaikunja nyuma. "Mgongo unakunjika vizuri sana," alimwambia nesi. "Natamani wagonjwa wote wangekuwa na mgongo kama huu." Akaipeleka eksirei, picha ikatoka safi, haina hata ufa.

"Mgongo hauna tatizo," alisema. Lakini daktari aliigeuza kandambili, akasita, akavaa miwani. "Ngoja. Kisigino hiki kimekwisha kabisa. Mgonjwa huyu ameteseka muda mrefu. Masikini! Alikuwa wapi siku zote hizi? Alazwe."

Bi Sikuzani alilia pale dirishani, na sijui nikuambieni alilia kwa nini. Ulikuwa mwaka mzima hajasikia mtu akisema kwamba ameteseka.

* * *

Kandambili ilipewa kitanda cha karibu na dirisha, godoro jipya, na shuka lililokunjwa mpaka kwenye vidole, yaani pale ambapo vidole vingekaa. Bi Sikuzani aliruhusiwa kuingia saa ya kutazama wagonjwa, kama ndugu. Aliligusa lile godoro kwa kiganja. Lilibonyea na kurudi taratibu. Alitamani kulilalia hata kwa muda wa kumeza mate.

"Ndugu hawakai kitandani," alisema nesi. "Na chakula cha mgonjwa kiko wapi?"

"Chakula?"

"Hospitali haipiki, mama. Kila mgonjwa analetewa na watu wake. Wewe unakuja kumtazama mgonjwa mikono mitupu, huoni haya?"

Bi Sikuzani aliona haya. Kesho yake alileta uji wa ulezi, akaubeba njia nzima kwa mguu mmoja wenye kandambili na mmoja mtupu. Nesi aliunywa kwa niaba ya mgonjwa, akasema mgonjwa anapenda sukari zaidi.

Wakati wa kutoka alipita kwenye majani kumpa Mzee Kondo uji uliobaki kwenye chombo. Mzee Kondo hakukoroma tena. Alikuwa amelala chali, macho wazi, ameuelekea mlango wa daktari. Bi Sikuzani alimfunika uso kwa upindo wa kanga yake, akaenda kumwambia Bwana Mkunde.

Bwana Mkunde alilitazama benchi. "Kondo? Kondo huyu hapa," alisema, akiionyesha baraghashia kwa kidole. "Yu wa tatu. Leo leo anaingia."

"Mzee amekufa, Bwana Mkunde. Njoo umwone."

"Mama, usimtabirie mwenzio mabaya. Nimemfuta vumbi asubuhi hii hii."

Baraghashia iliingia kweli siku ileile. Daktari wa kifua aliisikiliza, akaona haikohoi, akasema inaendelea vizuri, ila ipewe dawa ya kuimarisha. Mjane wa Mzee Kondo alipokuja kuchukua maiti alikabidhiwa chupa ya dawa na maelekezo ya kunywesha kijiko asubuhi na jioni. Alisimama nayo mkononi getini kwa muda mrefu, hajui aiweke wapi. Mimi ninayewasimulia nimejaribu kuifanya sehemu hii iwachekeshe, nimeshindwa.

* * *

Neno la daktari lilifika shuleni. Mwalimu Pazi alimwita Bi Sikuzani ofisini, akamkaribisha kiti, naye akakataa kwa sababu mnazozijua.

"Nakupongeza," alisema Mwalimu Pazi. "Daktari amesema mpishi Sikuzani amelazwa, asiguse kazi nzito mpaka apone. Mimi siwezi kupingana na utaalamu. Umepumzishwa."

"Mungu akubariki, mwalimu."

"Ila sasa nina tatizo. Mpishi amelazwa na watoto watakula nini? Natafuta mtu wa kushika nafasi yake kwa muda." Alimtazama kwa matumaini. "Wewe hapo huna kazi, sivyo?"

"Mwalimu, mimi ndiye Sikuzani."

"Sikuzani yuko wodini, karibu na dirisha, nimeambiwa. Wewe umesimama mbele yangu. Mtu aliyelazwa anasimama? Usinichanganye, mama. Unaitaka kazi au nimpe mwingine? Na ujue nikimpa mwingine, Sikuzani akipona atakuta pameshajaa."

Hivyo ndivyo Bi Sikuzani alivyoshika nafasi ya Bi Sikuzani. Alirudi kwenye sufuria lilelile na mwiko uleule, kama kibarua safari hii. Chausiku alimwona akiingia jikoni anaburuta mguu, akashika kichwa.

"Jamani, dada! Si ulisema wamekupumzisha?"

"Wamenipumzisha," alijibu Bi Sikuzani, akauzamisha mwiko. "Nimelala. Hapa huoni mtu."

Chausiku alitaka kucheka, akauona uso wa mwenzake, akaenda kuchochea kuni.

* * *

Siku ya kuadhimisha mafanikio ya tamko lile la waziri, ambalo sasa liliitwa Sheria ya Benchi, Mheshimiwa Waziri alitembelea wodi na wapiga picha. Akasimama kwenye kitanda cha karibu na dirisha, akaiinua kandambili juu watu wote waione.

"Huyu hapa," alisema, na sauti ikamtetemeka, "ndiye mgonjwa ambaye taifa linamhitaji. Tangu alipolazwa hajalalamika hata mara moja. Hajaomba dawa ambayo hatuna. Hajaandika kwenye magazeti. Anatazama dari kwa utulivu, anaiamini serikali yake. Mnaoumwa migongo huko majanini, mnaopiga mayowe, njooni mjifunze!"

Daktari Kaligo alipewa nishani papo hapo, naye kwa furaha akafanya upasuaji mbele ya wageni: alikibandika kisigino cha kandambili kipande kinene cha tairi, akakishona, akakata uzi kwa meno. Waziri akapiga makofi. Mgonjwa akatangazwa kuwa amepona na akaruhusiwa.

Bi Sikuzani alikabidhiwa mguu wake getini. Akaambiwa ashukuru, akashukuru. Akauvaa. Tairi lile lilikuwa nene, na kandambili ya kulia ilikuwa bado ileile ya zamani, kwa hiyo upande mmoja wa kiuno ukapanda juu na mwingine ukabaki chini. Hakufika mbali kabla hajahisi kitu kipya, chembamba na kikali, kikipita katikati ya mifupa yake. Angeweza kuivua. Lakini aliyepona akionekana anatembea pekupeku, Mwalimu Pazi angeuliza kulikoni, naye alikuwa amechoka kuulizwa.

Asubuhi yake aliripoti kazini kama Sikuzani mwenyewe, mzima, na kibarua akaachishwa. Alishika mwiko. Alizungusha ugali mara ya kwanza, akazungusha tena, na pale unga unapoanza kushikana, mgongo ukakatika kauli. Aliona jiko likienda juu na sakafu ikija. Alijaribu kusogeza mguu wa kushoto. Mguu ulikuwepo, anauona, lakini haukumsikia.

"Chausiku," aliita kwa sauti ndogo. "Chausiku, miguu yangu."

* * *

Chausiku na mlinzi wa shule waliung'oa mlango wa stoo, wakamlaza juu yake, wakambeba mpaka hospitalini. Njia nzima Chausiku alikuwa akilia na kutukana, akimtukana waziri, akilitukana sufuria, akijitukana mwenyewe kwa kuteleza siku ile. Bi Sikuzani alikuwa akifikiri jambo moja tu, ambalo lilikuwa limemshinda tangu mwanzo: daktari amwone kwa macho yake.

"Msiniweke majanini," alisema walipofika. "Niwekeni juu ya benchi."

Wakamweka. Benchi lilikuwa limejaa, na mwili wake wote ukalala juu yake, na chupa ya chai, na mwavuli, na vikapu, na viatu vya watu vikaanguka chini kwa kishindo. Bwana Mkunde alipuliza filimbi mpaka mashavu yakawa kama maandazi. Akapiga magoti, akaanza kuviokota kimoja kimoja, akivipuliza vumbi. "Pole, mama. Pole sana, mzee wangu. Umeumia?" alikuwa akiuambia mwavuli.

Kelele zilimtoa nje Daktari Kaligo, nishani kifuani. Alisimama mbele ya benchi, akainama, akamtazama Bi Sikuzani usoni. Alimtazama kwa muda. Hakuwa amemwona mtu kwenye benchi lile siku nyingi.

"Bwana Mkunde," alisema mwishowe, "hiki kimeachwa na nani?"

"Ni mimi, daktari," alisema Bi Sikuzani. "Sikuachwa na mtu. Nimekuja mwenyewe. Ni mgongo wangu, miguu haisikii tena, nakuomba uutazame, utie mkono wako tu hapa nyuma, daktari wangu, hata mara moja."

Daktari Kaligo alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulilegea, na kwa kitambo kidogo Chausiku alidhani atanyoosha mkono. Alikuwa daktari, na aliwahi kuisomea kazi ile.

"Kumbe ni mgongo," alisema. "Sasa mama, mbona unajitesa? Sheria ipo kwa ajili yako. Uache mgongo hapo kwenye benchi, wewe kasubiri nje. Tutauita."

Akarudi ndani akipiga mluzi.

Mlinzi na Chausiku walimwinua Bi Sikuzani kwenye mlango wao, wakamlaza majanini, mahali ambapo majani yalikuwa bado yamelala kwa umbo la Mzee Kondo. Bwana Mkunde, mtu wa utaratibu, alivipanga vitu vyote upya, lakini katikati ya kikapu na mwavuli aliacha nafasi tupu, upana wa kiuno cha mtu mzima. Akaifuta kwa kitambaa. Kila foleni iliposogea, aliisogeza na nafasi ile.

Jua lilipoanza kupungua ukali, filimbi ikalia. Bi Sikuzani aligeuza shingo, kitu pekee alichoweza kukigeuza. Alimwona Bwana Mkunde akiinamia benchi, akiinua nafasi ile tupu kwa mikono miwili, taratibu, mkono mmoja chini na mkono mmoja juu, akiingia nayo kwa daktari huku akimwomba Chausiku apishe njia. Mlango ukafungwa nyuma yao. Akaisikia sauti ya Daktari Kaligo kupitia dirishani, ya upole, ya mtu anayeijua kazi yake.

"Unasikia maumivu hapa?" iliuliza, ikanyamaza kidogo. "Hapa je?"

"Nasikia," alijibu Bi Sikuzani kule majanini. "Nasikia, daktari. Hapo hapo."